Mpiga Picha Mvuani: Namna ya Kubaki Mkavu Hadi Gari la Mwisho Lipite

Mwaka 1963, magari 84 yaliingia katika East African Safari, mbio za magari zilizokuwa zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliyomaliza yalikuwa 7. Mwaka 1968 yakaingia 93, na waliofika mwisho wakawa 7 vilevile. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404, na mara zote mbili mvua ya majira ya Pasaka ndiyo iliyowatoa wengine mashindanoni, barabara za udongo zilipogeuka tope lisilopitika.

Mashindano hayo, ambayo sasa ni Safari Rally, yalirudi katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, na hatua zake nyingi ziko pande za Naivasha. Miaka mitatu ya kwanza yalifanyika Juni. Tangu 2024 yamerudishwa Machi, masika yanapobisha hodi. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya huko inataka sweta hata mvua isiponyesha. Mpiga picha anayekwenda Kedong, Soysambu au Hell's Gate anapaswa kufungasha akijua hivyo.

Miongozo mingi ya kupiga picha mvuani huanza na kamera. Huu unaanza na mwenye kamera, kwa kuwa yeye ndiye anayeshindwa kwanza. Mkimbiaji hujipasha moto kwa miguu yake mwenyewe, na dereva wa rali yuko ndani ya gari. Mpiga picha husimama mahali pamoja saa tatu, saa nne, akisubiri tukio la sekunde mbili. Barabara ya rali hufungwa muda mrefu kabla ya gari la kwanza kupita, wala haifunguliwi mpaka gari la kufunga njia lipite. Aliyesahau koti ndani ya gari lake amelisahau mpaka jioni. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: mpiga picha avae kwa ajili ya kusimama, si kwa ajili ya kutembea.

Baridi inavyoingia

Wakazi wa nchi za joto huamini kwamba baridi ya kudhuru ni ya Ulaya. Sivyo. Joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila mtu anapopanda mita 1,000, na Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, Iten zaidi ya hapo. Mtu aliyelowa, akipigwa na upepo, anaweza kupoteza joto la mwili hadi hatari hata hewa ikiwa nyuzi 10, kwa kuwa maji hunyonya joto la ngozi haraka mara nyingi kuliko hewa kavu.

Maji yenyewe huja kwa njia mbili. Moja ni mvua. Nyingine ni jasho, na hili ndilo linalowaponza wengi. Mtu anapanda kilima kilomita mbili na mkoba wa kilo 12 mgongoni, amevaa sweta na koti juu. Akifika amelowa kutoka ndani. Dakika 20 baada ya kusimama, fulana ile inaanza kumnyonya joto. Dawa yake ni kutembea ukisikia ubaridi kidogo, sweta likiwa mkobani, kisha kulivaa mara tu unapofika, kabla mwili haujapoa. Fulana ya pili, kavu, ikae ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kubadili fulana kichakani ni usumbufu wa dakika mbili unaookoa alasiri nzima.

Boston Marathon ya Aprili 16, 2018 ilionyesha jinsi mambo yanavyoweza kugeuka. Mvua ilinyesha, upepo ukawapiga wakimbiaji usoni, na joto lilikuwa nyuzi chache tu juu ya sifuri. Geoffrey Kirui wa Kenya, bingwa mtetezi, alikuwa mbele mpaka Yuki Kawauchi wa Japani alipompita kuelekea mwisho. Desiree Linden wa Marekani alishinda kwa wanawake akiwa na jaketi mwilini, na wanariadha kadhaa mashuhuri waliacha njiani. Ikiwa watu wanaokimbia kwa kasi ya ubingwa walihitaji jaketi, anayesimama kando ya barabara na kamera anahitaji zaidi ya hilo.

Tabaka tatu, na jinzi ibaki nyumbani

Tabaka la kwanza hugusa ngozi, na kazi yake ni kuondoa jasho. Fulana ya mazoezi ya poliesta, ile ya wachezaji, inafaa. Ya sufu nyembamba inafaa zaidi. Pamba ni nzuri ufukweni Mombasa, lakini ikilowa hushika maji na kukaa nayo. Jinzi ndiyo mbaya kuliko zote: nzito, baridi, na haikauki siku hiyo.

Tabaka la pili ni la joto: sweta la sufu au jaketi la manyoya bandia. Shuka la Kimasai pia lina nafasi yake. Mengi ya siku hizi hufumwa kwa nyuzi za akriliki, ambazo hazinyonyi maji kama pamba, na likizungushwa kiunoni na mapajani chini ya koti, humfaa sana mpiga picha anayekaa kwenye kigoda nyuma ya goli. Likivaliwa juu ya koti, upepo hupita na mvua hulilowesha. Kanga na kikoi viwe vya kufutia mikono na kamera. Shingoni, vikishalowa, ni kitambaa cha maji baridi.

Tabaka la tatu huzuia mvua na upepo, na hapo ndipo pesa inapostahili kwenda. Koti liwe refu kupita makalio, kofia yake iwe na ukingo wa mbele, na mikono yake ifungike barabara kwenye kifundo. Anayeshika kamera huinua mikono, na maji hutiririka kutoka kiganjani hadi kwapani kama mkono wa koti uko wazi. Suruali ya mvua ni lazima kama koti, kwa sababu mpiga picha za michezo hupiga magoti. Ponjo hufunika mtu na mkoba wake kwa pamoja, lakini upepo ukija humfunika uso wakati gari linapita.

Kofia ya koti nayo ina hatari yake. Huziba masikio na kukata nusu ya upeo wa macho. Kando ya barabara ya rali, mtu asiyesikia injini inakuja yuko mahali pabaya. Bora kofia ya sufu kichwani na kapelo juu yake, na kofia ya koti ivaliwe tu magari yanapokuwa hayapiti.

Hata siku ya jua, koti lisiachwe. Mbio za nyika za dunia za Februari 18, 2023 kule Bathurst, Australia, zilianza kwa joto kali; kufikia mbio za wanaume, alizoshinda Jacob Kiplimo wa Uganda, dhoruba ilikuwa imeingia na mvua ikamwagika.

Kulichagua koti la mtumba

Habari njema ni kwamba makoti bora ya mvua hufika Gikomba na Toi jijini Nairobi, na Karume jijini Dar es Salaam, kwa bei ndogo sana kulinganisha na dukani. Jina la Gore-Tex kwenye lebo halitoshi. Ligeuze koti ndani nje. Juu ya kila mshono pawe na utepe mwembamba uliogandishwa; ukianza kubanduka, maji yatapita hapo. Pitisha kiganja kwenye utando wa ndani, mabegani na shingoni. Ukipukutika au kunata, rudisha koti mahali pake, hakuna fundi atakayelitengeneza. Mwisho, dondosha maji kidogo begani. Yakisimama kama shanga na kuteleza, kitambaa bado kina kinga. Yakienea na kuacha doa jeusi, lakini mishono na utando ni mizima, koti linafaa kununuliwa: dawa ya kupuliza ya kurudishia kinga hiyo huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya kupanda milima.

Miguu na vidole

Gambuti ni kiatu cha heshima kwenye tope. Kasoro yake ni kwamba mpira haupashi joto wala hautoi jasho. Ichukuliwe yenye nafasi ya soksi mbili, nyembamba ndani na ya sufu juu, lakini isibane: mguu uliobanwa hukosa damu, na mguu usio na damu hupoa. Soksi kavu za ziada zikae pamoja na ile fulana. Ardhi nayo hunyonya joto kupitia nyayo, kwa hiyo kipande cha mkeka wa mazoezi, ule wa sponji ngumu isiyonywa maji, kinafaa cha kusimamia, cha kupigia magoti na cha kukalia.

Mikono ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa glavu nene huficha vitufe na glavu nyembamba haitoshi. Wapiga picha wengi huvaa mbili: nyembamba inayobana, na juu yake ya sufu isiyo na ncha za vidole. Mvua ikizidi, glavu za hospitali chini ya zile za sufu huzuia maji yasifike kwenye ngozi. Zibadilishwe kila baada ya muda, maana jasho nalo hujikusanya ndani. Glavu ya sufu iliyolowa chepechepe ivuliwe na kukamuliwa. Kuendelea nayo ni kuushika ubaridi mkononi.

Chakula ni sehemu ya mavazi. Mwili unaotetemeka unakula akiba yake kwa kasi. Chupa ya chai ya tangawizi yenye sukari, au uji, pamoja na mayai ya kuchemsha, karanga na mandazi, vitafunwa kidogo kidogo kila saa, hata kabla njaa haijauma. Pombe iachwe kabisa. Hupanua mishipa ya ngozi, mtu akasikia joto, na kumbe joto lenyewe ndilo linalotoka.

Sasa kamera

Kamera za michezo za daraja la juu, kama Canon EOS-1D X au Nikon Z9, zina mipira ya kuzuia maji kwenye viungo vyake. Mipira hiyo husaidia ikiwa lenzi nayo ina wake pale inapounganika na kamera, na baadhi ya lenzi za Canon za kundi la L hazikamiliki kinga mpaka zifungwe filta mbele. Lenzi inayorefuka na kufupika huvuta hewa ya unyevu ndani kila inapovutwa. Kifuniko kinahitajika bado.

Ushauri wa kawaida ni mfuko wa plastiki na mpira wa kufungia. Huku kwetu ushauri huo una kesi ya kujibu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mnamo Agosti 28, 2017, na tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika maeneo ya hifadhi, na Hell's Gate ni hifadhi ya taifa. Tanzania ilifuata kwa mifuko hiyo Juni 1, 2019. Anayevuka mpaka na nailoni mkobani anajitafutia maswali.

Kuna njia bora zaidi, na iko mikononi mwa fundi cherehani yeyote. Chukua kitambaa cha mwavuli mkubwa uliovunjika vijiti. Ondoa vyuma, kisha fundi akishone kiwe mfano wa soksi ndefu: mdomo mmoja uwe na lastiki ya kubana kofia ya lenzi, yaani ule mtutu mweusi wa mbele unaokinga mwanga, mdomo wa pili uwe mpana, wa kuingiza mikono miwili, na ushuke mpaka karibu na viwiko. Mshono wa fundi ukae upande wa chini wa kamera, ambapo mvua haipigi, na mishono ya awali ya mwavuli isuguliwe nta ya mshumaa. Kwa jicho, toboa tundu dogo, chomoa ule mpira wa kitazamio, pitisha kitambaa, kisha urudishe mpira juu yake ukikibana. Kifuniko hicho hukunjika kikaenea mfukoni, na hakipigi kelele kwenye upepo kama nailoni.

Mengine ni mazoea. Kofia ya lenzi isitoke kamwe. Ndiyo mwavuli wa kioo. Kamera ikisubiri, ielekezwe chini. Vitambaa viwili vitenganishwe, kimoja cha kufuta maji ya mwili wa kamera, kingine, laini na kikavu, cha kioo peke yake, kikae mfuko wa ndani wa koti. Lenzi isibadilishwe mvuani. Mwenye kamera mbili afunge lenzi ndefu kwenye moja na fupi kwenye nyingine kabla ya kutoka. Mwenye moja achague lenzi na kuvumilia uchaguzi wake. Betri za akiba zikae karibu na kifua, maana baridi hupunguza nguvu zake, na betri iliyoonekana imekwisha mara nyingi hurudisha uhai kidogo ikipata joto.

Anayetumia simu ajue kwamba kioo kilicholowa hakitii kidole. Kwenye simu nyingi kitufe cha sauti hupiga picha, na hicho hufanya kazi hata kwa glavu.

Mwavuli wenyewe? Uwanjani, nyuma ya goli, humziba mtazamaji aliyelipia kiti, na mara nyingi msimamizi atauondoa. Porini huchukua mkono mmoja na kupeperushwa na upepo. Unafaa wakati wa kusubiri tu, na radi zisipokuwepo.

Radi, tope na magari

Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde 3. Mwanga wa radi ukionekana, hesabu mpaka ngurumo isikike. Ikiwa ni chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kupiga hapo ulipo. Kazi isimame. Mahali salama ni ndani ya jengo imara au gari lililofungwa lenye paa la chuma. Hema si kinga, na chini ya mti ni pabaya kuliko wazi. Kijiti cha chuma cha kushikilia lenzi kilazwe chini, na kusubiri kuendelee mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Kwenye rali, mvua hubadilisha pia mahali pa kusimama. Hatua ya Sleeping Warrior imewahi kuanza asubuhi kwa vumbi laini na kumalizika alasiri kwa tope, barabara ileile, siku ileile. Gari likiteleza kwenye kona hutoka upande wa nje, kwa hiyo aliyesimama nje ya kona asubuhi asirudi hapo mchana, hata kama picha ilikuwa nzuri. Asimame juu ya mwinuko, nyuma ya utepe, akiwa na njia ya kukimbilia isiyoteleza nyuma yake, na aijaribu kwa miguu kabla ya gari la kwanza. Upepo umpige mgongoni: kioo kitabaki kikavu, na mchanganyiko wa maji na tope unaorushwa na magurudumu utaonekana mzima ukielekea mbali naye. Picha hiyo, jua likichungulia kutoka nyuma ya gari, ndiyo iliyomtoa kitandani.

Dalili za kuacha kazi

Mwili wa mtu ukishuka chini ya nyuzi 35, tayari uko hatarini, na akili huwa ya mwisho kujua. Kwanza huja kutetemeka. Kisha vidole vinakataa: mtu anashindwa kufungua mlango wa kadi, anashindwa kufunga zipu. Hapo ndipo pa kuacha. Baadaye ulimi huwa mzito, hatua zinajikwaa, na mtu anasema yuko sawa. Kutetemeka kukikoma wakati bado ana baridi, hali imezidi kuwa mbaya.

Kwa sababu hiyo wapiga picha wawili ni bora kuliko mmoja, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Aliyezidiwa aondolewe kwenye upepo, avuliwe nguo za maji, afunikwe kwa vikavu kichwa na shingo vikiwemo, na apewe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa yuko macho na anameza vizuri. Asisuguliwe mikono na miguu kwa nguvu, asipewe pombe, na apelekwe kituo cha afya.

Baada ya gari la mwisho

Kosa linaloharibu kamera nyingi hufanyika mchezo ukishaisha. Kamera baridi ikiingizwa ghafla kwenye chumba chenye joto na unyevu, maji hujiunda juu ya kioo na ndani yake pia. Pwani mambo hugeuka: kamera iliyopoa ndani ya gari lenye kiyoyozi hupata ukungu inapotolewa nje Dar es Salaam au Mombasa. Mpango ni uleule. Futa maji, toa kadi ya kumbukumbu ukiwa bado nje, kisha ifungie kamera ndani ya mkoba wake na uiache mpaka joto lake lilingane na la chumba, pengine saa moja au mbili. Kadi ikiwa mkononi, picha zinaweza kutumwa kwa mhariri bila kuufungua mkoba.

Kamera iliyoingia maji izimwe, betri itolewe, na isiwashwe kwa kujaribu tu, maana umeme ukipita kwenye maji ndio unaounguza. Iwekwe ndani ya chombo kilichofungwa pamoja na vipakiti vya silika kwa siku kadhaa, kisha fundi aiangalie. Mchele huingiza vumbi na hausaidii kiasi hicho.

Mkoba wenyewe umwagwe wote usiku uleule. Sponji yake ikikaa na unyevu, kuvu huota, na kuvu ikishashika kioo cha lenzi huacha alama hata baada ya kusafishwa. Tope la gambuti lioshwe kabla halijakauka, na gazeti lililokunjwa liingizwe ndani linyonye maji. Koti lisuuzwe kwa maji safi na kuanikwa kivulini. Likihitaji sabuni, iwe kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo, ambayo huua kinga ya mvua. Kama kesho kuna hatua nyingine ya rali, soksi na glavu ndizo za kukaushwa kwanza, na betri ziwekwe kwenye chaji kabla ya chakula cha jioni, kwa kuwa umeme wa kambini haungojwi.